Chai ya Kuvundika

Bankstown, Sydney
4 Oktoba 2020

Kwako Baba Mdogo Ambwene, unayekalia kiti cha babu na kutuongoza. Kwako Shangazi Tusekile, uliyetubeba sote mgongoni. Kwenu wake wa baba zangu, mnaotunza moto wa nyumba hii. Kwenu kaka na dada, mliooa na mlioolewa. Na kwenu wadogo mlioketi mkekani mkingoja haya yaishe mkacheze: shikamoo kwa kila anayestahili, na marahaba kwa wote wanaoniamkia.

Mimi ni mzima. Kazi ya kuwatunza wazee ingalipo, ingawa sasa tunaingia vyumbani mwao tumejifunika barakoa, miwani na magauni ya plastiki, hata mzee mmoja akaniuliza kama nimekuja kupuliza dawa ya mbu. Binti yangu Subilaga anawasikia mnapopiga simu, anaelewa kila neno, na anajibu kwa Kiingereza. Msimchukie kwa hilo. Anawapenda kwa lugha aliyo nayo.

Sasa niingie katika shauri lililonifanya niandike. Nimeambiwa kwa simu kwamba ukoo unakusudia kung'oa chai yote na kupanda parachichi. Simu ilikatika nilipoanza kujibu, na labda ilikuwa heri, kwa maana nyumba yetu ina desturi yake: neno la simu ni salamu tu. Neno la asiyekuwepo huandikwa, likasomwa mbele ya kikao na mtu aliyesimama, bila kurukwa mstari, huku kikombe cha chai cha huyo asiyekuwepo kikiwa juu ya kigoda chake. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu baba, na kigoda cha nyumba kubwa ni changu. Bila neno la kigoda hicho, jembe haliingii shambani. Neno langu ni hili: ngojeni.

Sibishi kwamba lori la kiwanda huchelewa, majani yakapata joto ndani ya magunia, kisha tukaambiwa hayafai. Sibishi kwamba parachichi linapendwa. Ninachosema ni kwamba tumeijua chai moja tu, ile nyeusi, na kwa ajili yake tunataka kuihukumu miti ya babu.

Chini ya ngazi za jengo letu anakaa bibi mmoja Mchina, Bi Shen. Alizaliwa katika milima ya chai huko Anhui, akawa na duka la chai hapa Sydney mpaka magoti yalipomkataza kusimama. Nyuma ya jengo, pale wengine tunapoanika nguo, ameweka miche ya chai ndani ya vyungu. Nilipompelekea kikombe cha chai yetu ya maziwa na tangawizi, alionja, akanirudishia, akasema, "Uji mzuri. Sasa njoo unywe chai."

Alichonipa kilikuwa na rangi ya manjano hafifu, kama maji yaliyochemshiwa mahindi machanga, na harufu yake ilikuwa hiyo hiyo ya mahindi machanga. Haikukwaruza koo. Ule ukali wa jani bichi haukuwepo, wala ule uzito wa chai nyeusi. Utamu ulikuja baada ya kumeza, ukakaa nyuma ya ulimi kama mgeni asiyetaka kuaga. Wenyewe wanaiita chai ya manjano.

Amekubali kunifundisha. Hatua ya kwanza ni hii, na naomba isikilizwe vizuri. Chumeni chipukizi na jani moja tu, umande ukiisha kukauka. Tandazeni kwenye ungo kivulini mpaka jani lilegee. Kisha likaangwe kavu katika kikaango cha chuma kisicho na mafuta, likigeuzwa kwa mkono bila kupumzika, mpaka harufu ya nyasi igeuke kuwa harufu ya maharage yaliyoiva. Hapo ubichi umekufa. Bila hatua hii, zinazofuata ni bure. Linalolifanya jani kuwa la manjano bado sijalijua, nikilijua nitaandika.

Mliniuliza nitarudi lini. Mipaka ya nchi hii imefungwa.

Wenu,
Atuganile


Bankstown
17 Januari 2021

Baba Mdogo mwenye kiti, Shangazi, mama zangu, ndugu zangu, na watoto wa mkekani,

Salamu za mwaka mpya ziwafikie kabla haujazeeka. Sijapata jibu la barua yangu ya Oktoba. Bibiane, mwenzangu wa kazi kutoka Bukavu, anasema nisihesabu hilo kuwa kimya chenu. Mumewe Moïse huendesha lori la makontena pale Port Botany, na anasimulia kwamba meli zinangoja nje ya bandari na ndege zinazobeba barua zimekuwa chache. Nami naamini hivyo, kwa kuwa nataka kuamini.

Shangazi Tusekile, sehemu hii nakuandikia wewe, kwani hakuna Rungwe nzima anayevundika ndizi akakuzidi. Siri ya chai ya manjano ni kuvundika. Bi Shen huchukua majani yakiwa bado na joto na unyevu kidogo, akayafunga katika kitambaa safi cha pamba, bila kuyabana, akayaweka ndani ya sanduku la mbao na kuliacha. Baadaye hufungua, hugusa, hunusa, hugeuza. Huyapitisha tena kwenye joto dogo, akayafunga upya. Mwisho huyakausha polepole juu ya makaa yaliyofunikwa majivu. Nilipomwuliza majani yakae ndani ya kitambaa kwa muda gani, alinitazama kama nimemwuliza mtoto huzaliwa saa ngapi. Ananusa, basi.

Anasema hata kwao waijuao kazi hii wamepungua, maana chai ya kijani hukauka upesi na kuuzwa upesi, nani angoje? Mimi mwenyewe nimeshindwa. Alinipa kifurushi nikitunze kwangu, juu ya jokofu penye joto. Nilizunguka jikoni, nikafua, nikapiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa, kisha nikafungua. Majani yalikuwa ya kijani bado. Bi Shen akasema, "Mkono wako hauketi."

Ni kweli, hauketi. Kila nikishika kitu nawaza majembe. Nijibuni.

Atuganile


Rungwe
28 Februari 2021

Mwanangu Atuganile,

Mimi, shangazi yako, na wote unaowapanga vizuri kila unapoandika, tunakusalimu. Mvua ni za kutosha na ukungu hauinuki mpaka mchana. Misiba imekuwa mingi. Tunazika, tunanawa mikono, tunarudi, na kabla viatu havijakauka tunaitwa tena. Watu wanasema ni kifua. Tuyaache hayo.

Barua yako ya Januari imefika na nimeisoma mbele ya kikao nikiwa nimesimama, kikombe chako kikiwa juu ya kigoda, kama inavyopasa. Unataja barua ya Oktoba. Hatukuipata. Kwa hiyo tulifanya uliyoandika na si uliyodhani tunayajua. Vijana walichuma majani, tukayafunga mabichi vile vile. Shangazi yako akaona kitambaa hakitoshi, akaongeza majani ya mgomba, akafukia shimoni pamoja na makaa, kama afanyavyo kwa ndizi. Aliwafukuza wote waliotaka kuchungulia.

Lilipofukuliwa, shimo lilitoa mvuke na harufu ambayo kwa heshima ya karatasi hii sitaieleza. Majani yalikuwa meusi, yanateleza. Kuku walikuja, wakatazama, wakaondoka. Binamu yako Masumbuko, ambaye ndiye msemaji wa wanaotaka parachichi, alisema kwamba dada huko Ulaya amelishwa maneno. Nilimkumbusha kwamba Australia si Ulaya. Akasema kwa mtu aliyeko shimoni yote ni juu. Walicheka sana, nami nikainamisha kichwa wasinione. Shangazi yako peke yake hakucheka. Alisema, "Ndizi nimezivundika tangu sijaolewa, na haijapata kunifanyia hivi hata moja. Andikia huyo mtoto, mwambie kuna jambo amelisahau."

Mwanangu, mikono ya vijana inataka kazi. Nimewaambia wangoje neno la kigoda, lakini kigoda chenye kikombe si sawa na kigoda chenye mtu. Kila kikao kikiisha, shangazi yako hukinywa kikombe chako kikiwa kimepoa, ili kisimwagwe. Utarudi lini? Sikuulizi habari za mipaka. Nakuuliza wewe.

Kuhusu shamba: shamba lipo.

Baba yako mdogo,
Ambwene


Bankstown
29 Agosti 2021

Baba Mdogo, Shangazi, na kikao chote kwa nafasi zenu,

Barua yenu ilinifikia Juni, nami nimechelewa kujibu, na safari hii siwezi kuwasingizia watu wa posta. Nawapa pole kwa misiba. Mmeandika ni kifua, na kwa kuwa mmesema tuyaache, nayaacha, ila nawaombeni msalimiane kwa mbali.

Sisi tumefungiwa. Si jiji lote kwa namna moja: kule ufukweni watu wanatembeza mbwa na kuota jua, na huku kwetu helikopta inazunguka juu ya mapaa ikituambia turudi ndani. Wanajeshi hubisha hodi kuhakikisha wagonjwa wako nyumbani. Ninatoka kwa kibali cha kazi na kurudi kwa kibali hicho. Subilaga anasomea mezani, mimi natembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na jirani mwingine wa chini amegonga dari yake kwa ufagio akiniomba nikae.

Bi Shen haruhusiwi wageni. Hukaa kwenye kiti mlangoni pake, mimi hukaa ngazi za juu, na chupa ya chai huiacha katikati, nikashuka kuichukua akisharudi nyuma. Nilimsimulia habari za shimo. Alicheka mpaka akakohoa, nikaogopa kikohozi chake, kisha akauliza swali moja: "Walikaanga?" Nikamwambia barua ya kukaanga imepotea njiani. Akasema, "Umewafundisha kulizika jani kabla halijafa." Naiandika tena hatua ya kwanza katika karatasi ya pili, kwa herufi kubwa. Shangazi, hukukosea. Iliyokosea ni njia ya barua.

Sasa, Baba Mdogo. Wewe ndiwe uliyetufundisha insha darasa la saba, na hukuwahi kuridhika na sentensi ya maneno mawili. Nilipoandika "ng'ombe yupo" ulinirudishia daftari ukauliza: yupo wapi, wa rangi gani, anakula nini? Leo unaniandikia "shamba lipo." Majani mliyoyafukia yalichumwa wapi, juu kwenye mteremko au chini karibu na kijito alikopanda baba? Lori bado linakuja? Miche ya parachichi imeagizwa au bado? Nimeisoma sentensi yako kila niketipo, na hainiachi niketi.

Umeniuliza kama nitarudi. Nitakujibu ukinijibu.

Atuganile


Rungwe
14 Novemba 2021

Mwanangu Atuganile,

Tu wazima tuliobaki. Wanakikao wote wanakusalimu, na mvua za kwanza zimeanza, kwa hiyo chai inachipua.

Barua yako ya Agosti imefika, na katika juma hilo hilo, usishangae, ikafika ile ya Oktoba mwaka jana, imechakaa kama mtu aliyetoka safari ya miguu. Tulifanya kama ulivyoagiza. Mara ya kwanza kikaango kilikuwa kimetumika kukaangia dagaa, na chai ikawa na habari za ziwani. Mara ya pili Masumbuko alishikilia kwamba moto ni mdogo, akauchochea, majani yakaungua. Baada ya hapo shangazi yako alimnyang'anya mwiko na kumwambia akatafute mti wake wa parachichi akae chini yake. Alikaanga mwenyewe. Alivundika kwa kitambaa cha kanga yake ya harusi, ndani ya sanduku la kadibodi, karibu na jiko lakini si juu yake. Watu walitaka kuona, alilikalia sanduku.

Matokeo yamo ndani ya pakiti hii. Nilionja. Nimekunywa chai ya shamba hili tangu utoto na sikuitambua. Niliomba kikombe cha pili, na mimi si mtu wa kuomba.

Maswali yako nimeyaona.

Ambwene

*Atuganile, mimi shangazi yako ninaongeza hapa chini, baba yako mdogo amekwenda kutafuta bahasha. Hakwambii kwa kuwa anaona haya. Sehemu ya chini imeng'olewa tangu Januari, kabla hata hatujapata barua yako. Masumbuko na wenzake waliingia asubuhi, baba yako mdogo akaenda kuwazuia, akarudi wao wakiendelea kung'oa. Miche ya parachichi imefika magotini. Imebaki ya juu, na wanasema mwakani. Majani ya pakiti hii ni ya juu. Yale ya mistari ya baba yako hutayaonja tena, mwanangu, nisikudanganye. Ila ya juu ninayo mkononi. Kikombe chako nimechoka kukinywa baridi. Tusekile.*


Bankstown
6 Machi 2022

Kwako Baba Mdogo Ambwene, mwenye kiti. Kwako Shangazi Tusekile. Kwenu mama zangu. Kwako Masumbuko na wote mnaotaka parachichi, ambao leo nawataja kwa jina ili msidhani nazungumza nyuma yenu. Na kwenu watoto, ambao shauri hili ni lenu kuliko letu: nawasalimu nikiwa nimesimama, kama atakavyosimama atakayenisomea.

Pakiti ilifika. Wakaguzi wa mpakani waliifungua, wakaifunga tena kwa utepe wao, na hawakuchukua chochote. Milango imefunguliwa, Bi Shen anapokea wageni, kwa hiyo tulikaa mezani kwake: yeye, mimi, Bibiane, na Subilaga aliyeburutwa. Bi Shen alimimina maji ambayo hayakuwa yakichemka tena, akangoja. Bibiane alitangulia. "Ah bon," akashangaa kwa Kifaransa, "ni mahindi hii. Ya kwetu kabisa." Subilaga alisema kwa Kiingereza chake kwamba ni tamu, kisha akaomba sukari. Mimi nilikuta mahindi machanga, na nyuma yake moshi kidogo wa jiko la Shangazi, na chini kabisa ule ukali wa jani letu kubwa, ambao haukuondoka bali ulikubali kukaa. Nilikaa nao.

Bi Shen alikunywa maji ya kwanza. Akamimina ya pili juu ya majani yale yale. Akauliza ni mkono wa nani. Nilipomweleza, alisema, "Mwambie mwaka ujao apunguze moto mwanzoni." Katika muda wote niliokuwa mwanafunzi wake, sijasikia akimtajia mtu mwaka ujao.

Nimejua habari za sehemu ya chini. Nililia, nikazunguka meza, nikalia tena, na sasa nimemaliza. Baba Mdogo, sikulaumu. Ulikwenda kuwazuia ukiwa na kikombe tu nyuma yako. Mtu anayelinda shamba kwa kikombe cha chai ya aliye mbali hana silaha.

Nanyi nimewaficha. Kila mliponiuliza nitarudi lini, nilijibu habari za mipaka. Mipaka imefunguliwa mwezi uliopita. Ndege zinapita juu ya jengo letu tangu alfajiri, na sijatafuta tiketi ya kuja kukaa. Nitakuja kuwaona. Nitazuru makaburi ya wale ambao sikuwazika. Lakini maisha ya Subilaga yako hapa, na yangu yapo palipo yake. Sitarudi kukalia kigoda. Nilijua hivyo nilipoandika barua ya kwanza, na niliwaambia ngojeni kana kwamba mlikuwa mnaningoja mimi.

Basi lisikilizeni neno la kigoda cha nyumba kubwa, la mwisho kutoka kwangu.

Sehemu ya chini ibaki na parachichi. Masumbuko, itunze vizuri; mistari ile ilipandwa na baba, na ardhi yake haikukosa lolote. Sehemu ya juu haitaguswa na jembe bila ruhusa ya mwenye kigoda. Na mwenye kigoda, kuanzia leo, ni Shangazi Tusekile.

Nasikia minong'ono kutoka hapa nilipo. Mtasema Shangazi aliolewa, mahari yake ikaliwa, na kigoda cha nyumba hakikaliwi na aliyetoka. Mimi nami niliolewa, tena ng'ambo ya bahari, na kikombe changu mlikiweka pale mwaka hadi mwaka bila ubishi. Iwapo kigoda kilimvumilia mwanamke asiyekuwepo, kitamvumilia aliyepo. Anayetaka kupinga apinge mbele yake, si mbele ya karatasi.

Chipukizi za mvua hizi zisipite. Kesho asubuhi, umande ukikauka, wenye mikono inayotaka kazi wapande mteremko wakachume kwa maelekezo yake, chipukizi na jani moja, na atakayechuma majani makubwa ayabebe kwenda kuwaonyesha kuku.

Na wewe unayesoma barua hii, usikae kwanza. Chukua kikombe kilicho juu ya kigoda kabla hakijapoa, umpe Shangazi mkononi. Kisha kikao chote kisimame, mpaka yeye aketi.

Atuganile